Tusiiache Historia ya Mikahawa Yetu Iyeyuke

Mtu akitaja neno historia mbele yetu sisi watu wa Pwani, aghalabu fikira zetu hukimbilia Ngome ya Yesu, magofu ya Gedi na nyumba za mawe za Lamu. Wala hatukosei. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, Ngome ya Yesu ikafuata mwaka 2011, na Gedi mwaka 2024. Hizo ni fahari zetu, na kila mtoto wa hapa yafaa azijue. Lakini iko historia nyingine isiyokuwa na mizinga wala minara, ambayo haijapata kuwekewa kibao na serikali yoyote. Hiyo ni historia ya nyumba ndogo za kula zilizojengwa kandokando ya njia na watu wa jamaa moja, baba akipika, mama akihesabu senti, na watoto wakiosha vyombo baada ya kutoka chuoni. Hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumza leo, kwa sababu inapotea mbele ya macho yetu nasi tumenyamaza.

Ili tusiwe watu wa kulalamika tu bila ya kuleta mfano, twamwomba msomaji aandamane nasi mpaka Marekani, katika jimbo la Arizona, kwenye kijiji kiitwacho Seligman ambacho wakazi wake hawafiki elfu moja. Huko jamaa moja yenye asili ya Mexico iliuhifadhi mkahawa wake wa aiskrimu, na ikasaidia kuihifadhi barabara nzima. Tumekichagua kisa hiki kwa kuwa walioanza kazi yenyewe hawakuwa matajiri, wala mawaziri, wala maprofesa. Alikuwako kinyozi, alikuwako muuza aiskrimu, na walikuwako majirani zao.

Kwanza tuieleze barabara yenyewe, maana bila ya barabara mkahawa usingekuwako. Barabara ya 66 ilipewa nambari yake mwaka 1926. Ilianzia Chicago, ikapita katika majimbo manane, na hatimaye ikafika Santa Monica kwenye ufuo wa bahari ya Pasifiki, mwendo wa maili 2,400 hivi. Katika miaka ya 1930, ukame na vumbi vilipowafukuza wakulima wa Oklahoma na majimbo ya jirani, ndiyo njia iliyowapeleka magharibi, magodoro yao yakiwa yamefungwa juu ya magari. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikawa njia ya watu wa likizo, baba na mama mbele, watoto nyuma wakilia njaa na joto. Kila mji mdogo uliopitiwa na njia hiyo ulipata riziki yake kwa msafiri: huyu auza petroli, huyu akodisha vitanda, huyu auza chakula.

Mzee Delgadillo alikuwa mmoja wa watu hao. Alitoka Mexico, akakaa Seligman, akawa kinyozi na mwenye chumba cha mchezo wa biliadi, na Mungu akamjaalia watoto tisa. Hali ilipokuwa ngumu katika miaka ile ya 1930, jamaa hiyo ilikuwa tayari imekwisha kupakia vyombo garini ili ihamie California kama walivyohama wengine. Kilichowazuia ni muziki. Vijana wake walikuwa na bendi, bendi ikapata kazi ya kupiga, nao wakashusha vyombo wakabaki.

Mmoja wa vijana hao, jina lake Juan, aliyezaliwa mwaka 1916, alikuwa mfanyakazi wa reli ya Santa Fe. Mwaka 1953 aliamua kujenga mkahawa wake kando ya Barabara ya 66. Pesa hakuwa nazo nyingi. Basi alizikusanya mbao chakavu zilizokuwa zikitupwa na reli, na kwa mbao hizo akalisimamisha jengo lenyewe. Akauita Snow Cap, yaani kofia ya theluji, jina ambalo kila aliyewahi kuiona aiskrimu imekaa juu ya koni ataielewa maana yake. Akawa auza aiskrimu, maziwa yaliyopigwa kwa barafu, hambaga na viazi vya kukaanga.

Lakini sifa ya Juan haikuwa aiskrimu peke yake. Alikuwa mtu wa mizaha. Alichukua gari aina ya Chevrolet la mwaka 1936, akalikata paa lote, akalipamba kwa honi na mti wa Krismasi, akaliweka mbele ya mkahawa ili kila apitaye asimame kutazama. Mlangoni palikuwa na vishikio viwili, na mgeni aliyeshika kile kilichoonekana kuwa ndicho hufungui kitu. Ubao uliandikwa kuomba radhi kwa kuwa mkahawa uko wazi. Katika orodha ya vyakula aliandika kwamba anauza kuku mfu, na hambaga ya jibini iliyotiwa jibini. Mteja akiagiza haradali, Juan huitwaa chupa ya manjano akamlenga nayo kifuani, na maskini mteja akaruka nyuma asichafuke, kumbe kilichotoka ni uzi tu. Mtu huyo alifika amechoka na amenuna kwa safari ndefu, akaondoka akicheka pamoja na watoto wake. Na aliyecheka hasahau. Miaka ishirini baadaye humleta mjukuu wake pale pale.

Kisha ikaja siku ya tarehe 22 Septemba, 1978. Serikali ilikuwa imejenga barabara kuu mpya, I-40, pana na iliyonyooka, ambayo haikupita ndani ya Seligman. Siku hiyo ilifunguliwa. Angel, mdogo wake Juan, aliyezaliwa mwaka 1927 na kurithi kazi ya baba ya unyozi, amewasimulia watu wengi jinsi mambo yalivyokuwa: asubuhi magari yalikuwa yakipita moja nyuma ya jingine, na mchana yakakatika. Maduka yakafungwa, watu wakahama. Mwaka 1985 serikali ikaiondoa Barabara ya 66 katika hesabu ya barabara kuu za taifa. Kwa karatasi za serikali barabara hiyo ilikuwa imekufa, na Seligman nayo ilihesabiwa kuwa imekufa pamoja nayo.

Hapa ndipo penye funzo. Angel na Juan hawakuhama. Tena hawakutosheka na kukaa barazani na kuhadithiana jinsi mambo yalivyokuwa mazuri zamani. Mwezi wa Februari, 1987, kinyozi yule aliwakusanya watu wa mji wake katika mkahawa mmoja wa pale pale Seligman. Hawakuzidi kumi na watano hivi. Wakaunda chama cha kuihifadhi Barabara ya 66 katika Arizona, wakaanza kuandika barua na kubisha hodi katika afisi za jimbo. Kabla ya mwaka huo kwisha, jimbo lilikubali kukitangaza kipande cha kutoka Seligman hadi Kingman kuwa barabara ya kihistoria. Majimbo mengine yakafuata. Mwaka 1999 bunge la Marekani likapitisha sheria ya kusaidia kuhifadhi majengo na biashara za njia hiyo. Waliotengeneza ile filamu ya katuni iitwayo Cars, iliyotoka mwaka 2006, walifika Seligman kumsikiliza Angel.

Juan alifariki mwaka 2004, baada ya kuuendesha mkahawa wake kwa zaidi ya miaka hamsini. Watoto wake hawakuuza mbao wala kuvunja jengo. Waliushika mkahawa wakauendesha, na mizaha ya baba yao wakaiendeleza, chupa ya haradali na uzi wake ikiwamo. Mpita njia aliyekula pale akiwa mtoto anarudi mzee, akakuta mlango ni ule ule na vishikio ni vile vile.

Sasa twauliza: ni kitu gani hasa kilichohifadhiwa pale? Si mbao, maana mbao zenyewe zilikuwa za kutupwa. Kilichohifadhiwa ni namna ya kumpokea mgeni. Na kilihifadhika kwa sababu mambo matatu yalikutana. La kwanza, wenye nyumba wenyewe waliamini kwamba yao ni historia, wala hawakungoja kuambiwa na mtu. La pili, walianza wangali hai wale waliokumbuka, wakasema, wakaandikwa, wakapigwa picha. La tatu, watoto waliupokea mkahawa ukiwa ungali unafanya kazi, moto unawaka na aiskrimu inatoka, kwa hivyo haukugeuka kitu cha kutazamwa kwa nyuma ya kioo.

Tukirudi kwetu, kisa cha Seligman si kigeni hata kidogo, isipokuwa mwisho wake. Wenye umri wa kukumbuka wataikumbuka feri ya Kilifi. Kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, kila aliyetoka Mombasa kwenda Malindi au Lamu alikuwa hana budi kuingoja feri, na kungoja kwenyewe kulikuwa kwa saa nzima au zaidi. Katika kungoja huko ndimo walimokuwa wakipata riziki wauza korosho, wauza madafu, wauza mahamri na kachiri, na wale waliokuwa wakiuza barafu za ukwaju zilizokuwa zikiyeyuka mkononi kabla mtoto hajafika katikati. Daraja lilipofunguliwa, magari yakapita juu bila ya kusimama. Hatusemi kwamba daraja lisingejengwa; wagonjwa wangapi wamewahi hospitali kwa sababu yake! Tusemalo ni kwamba soko zima la watu lilitoweka kwa siku moja, na hatumjui hata mmoja aliyekwenda na daftari kuwauliza watu wale majina yao.

Na si Kilifi tu. Mwaka 2017 reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilianza kazi, na mwaka 2019 ikatoka amri kwamba mizigo ya bandarini ipite relini. Wenye mikahawa ya Mariakani, Voi na Mtito Andei, waliokuwa wakiwalisha madereva wa malori usiku na mchana, walilia wakasikiwa kila mahali. Amri hiyo iliondolewa mwaka 2022. Walakini mkahawa uliokwisha kufunga milango haufunguki kwa tangazo la serikali. Njia zitaendelea kubadilika, na hakuna wa kuzizuia. Swali ni nini tutakachokuwa tumekiweka kabla njia haijatuhama.

Mwandishi wa makala haya alikulia Mombasa, na katika utoto wake ilikuwako nyumba moja ya aiskrimu kando ya njia, ya mzee mmoja na wanawe. Jina hatutalitaja. Siku ya Idi, baada ya kuzunguka kwa wajomba na mashangazi na kukusanya pesa za sikukuu, sote tulielekea huko. Mashine ya mzee ilikuwa ikinguruma kama injini ya boti. Iliki alikuwa akiiponda mwenyewe, na sukari aliipima kwa kikombe kilichokatika mkono. Wala mtoto hakupewa aiskrimu kabla ya kutoa salamu, kisha kuulizwa, "Mtoto wa nani wewe?" Ukimtaja baba, mzee humtaja babu, ukimtaja babu, hukuambia babu yako alikuwa akipenda kula nini. Kwa hivyo sisi watoto tulitoka pale na aiskrimu mkononi na nasaba kichwani, na wengi wetu hatukujua kwamba tumesomeshwa.

Mzee alifariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mahali pale sasa pauzwa simu. Miaka michache iliyopita tulimtafuta mmoja wa wajukuu tukamwomba picha ya duka la babu yake. Hakuwa nayo. Mashine iliuzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Kiasi cha iliki hakuna aliyekiandika, na aliyekijua kwa mkono amekwenda nacho kaburini. Tulipokuwa tukiaga, yule kijana akakumbuka kwamba ubao wa jina la duka bado uko. Akatupeleka uani. Ubao ule umefanywa mlango wa banda la kuku, na herufi zilizosalia zasomeka nusu tu. Hatukumlaumu, wala hatumlaumu leo. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ubao ule ni kitu.

Wako watakaotucheka. Watasema: watu wana shida za maji, za karo na za ardhi, na huyu atuletea habari za aiskrimu. Wengine watasema historia ni ya mashekhe, masultani na manahodha, wala si ya wauza vitu vitamu. Kwa wa kwanza twajibu kwamba hatuombi hata senti moja ya maji wala ya karo. Kuuliza na kuandika hakuhitaji bajeti. Kwa wa pili twajibu kwamba sultani alikuwa mmoja na waliokula njiani ni maelfu. Atakayetaka kujua miaka hamsini ijayo watu wa Mombasa, Malindi au Lamu waliishi vipi, nani alikaa meza moja na nani, Mswahili, Mwarabu, Mhindi, Mmijikenda na mgeni wa kutoka bara, ataupata wapi ukweli huo kama si katika mikahawa? Ngomeni walikaa askari. Mkahawani walikaa watu wote.

Wako pia watakaosema kwamba kuhifadhi namna hii ni kuwapumbaza watalii. Hilo twalikubali kwa sehemu. Hata Seligman leo wageni wa mabasi ni wengi, na maduka ya kuuza kumbukumbu yamejipanga njiani. Ipo hatari ya mtu kuigiza maisha yake mwenyewe kwa ajili ya picha. Kinga yake ni moja: mkahawa uendelee kumhudumia jirani kabla ya mgeni. Ule ambao watu wa mtaa wanaununua hauwezi kuwa mchezo wa kuigiza.

Basi tufanye nini? Twaanza na wenye mikahawa wenyewe na watoto wao, kwa kuwa kazi hii ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Kila kijana leo ana simu inayonasa sauti. Mketishe babu au nyanya yako, umuulize alianza mwaka gani, pesa za kwanza alizipata wapi, nani alimfundisha, bei ya kwanza ilikuwa ngapi, mwaka gani ulikuwa mgumu na kwa nini. Kila picha ya zamani iandikwe nyuma yake majina ya watu na mwaka, maana picha isiyokuwa na jina, akifa mwenye kuijua, huwa karatasi tu. Leseni za zamani, madaftari ya hesabu, risiti za mashine, vyote viwekwe sanduku moja mahali pasipoingia maji wala mchwa. Na vipimo vya upishi viandikwe kwa kikombe na kijiko, visibakie katika mkono wa mtu mmoja.

Jambo la pili ni zito zaidi, nalo ni mirathi. Mara nyingi mkahawa haufi kwa kukosa wateja. Hufa siku ya arubaini ya mwenyewe, warithi wanapokaa na kila mmoja akataka fungu lake kwa pesa taslimu. Haki ya mirathi ni haki, wala hakuna wa kuipinga. Lakini hakuna kinachowazuia ndugu kukubaliana kwa ridhaa kwamba mmoja wao aendeshe na wengine wapate sehemu yao kidogo kidogo, au mzee mwenyewe akiwa hai na akili zake timamu kuwauliza wanavyuoni kuhusu wakfu. La muhimu ni mazungumzo hayo yafanywe mapema, mzee angali ameketi kichwani mwa meza, na yaandikwe mbele ya mashahidi.

La tatu ni la walimu, serikali za kaunti na sisi waandishi. Mwalimu wa darasa la historia aweza kuwapeleka wanafunzi wake kwenye mkahawa wa zamani wa mtaani kwa saa moja, kila mwanafunzi na swali lake. Kaunti zetu zaweza kuandika orodha ya nyumba za kula zilizodumu kwa miaka arubaini au zaidi mikononi mwa jamaa moja, na kila mpango wa kupanua barabara ukija, orodha hiyo isomwe kabla ya tingatinga kuwashwa. Makumbusho yaweza kupokea nakala za picha na sauti hizo. Nasi wenye kalamu, tuliozoea kuandika taazia baada ya maziko, tujifundishe kwenda kumsikiliza mtu akali hai.

Hakuna katika haya lililo kubwa kuliko uwezo wetu. Watu wasiozidi kumi na watano hivi wa kijiji cha jangwani, wakiongozwa na kinyozi, waliirudisha ramani barabara iliyokwisha kufutwa. Sisi tuna miji iliyojaa watu, tuna vijana wenye simu, na tuna wazee ambao bado wakumbuka ni nani aliyeuza barafu za ukwaju kwenye feri ya Kilifi. Idi ijayo, baada ya kula na kabla ya kuondoka, mwulize mmoja wao jina la mtu yule. Kisha uliandike.